Zoezi la mezani ni nini?

Zoezi la mezani ni jaribio la mpango wa dharura linalofanywa kwa mazungumzo tu: hakuna king'ora, hakuna boti inayowashwa. Watu kumi hivi ambao siku ya mkasa watategemeana hukaa pamoja saa mbili au tatu, wakasomewa kisa, kila mmoja akaeleza atakachofanya kwa vifaa vilivyopo leo, si vile vilivyoombwa kwenye bajeti.

Lamu kisa hakihitaji kubuniwa sana. Mwaka 2004, wakati wa ukame, chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, iliwaambukiza wakazi wengi wa kisiwani, mbu wakizaliana kwenye maji yaliyowekwa akiba majumbani. Basi mwendeshaji aanze hivi: zahanati moja ya kisiwa cha Pate imepokea wagonjwa sita kwa siku mbili, wana homa ya ghafla na viungo vinauma hata kushika kikombe ni tabu. Nani anaarifiwa?

"Tutapiga simu" si jibu. Simu ya nani? Namba imeandikwa wapi? Mwenyewe akiwa likizo, je?

Dakika ishirini baadaye huingizwa taarifa mpya: sampuli za damu ziko tayari, zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, lakini maji yamekupwa, Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki, na nje upepo wa kusi umechafua bahari. Barafu ya kikasha cha sampuli itadumu hadi maji yajae? Mafuta ya boti yako kwa nani?

Kisha mtu atasema mapipa ya maji yamwagwe. Aulizwe kuta zitasuguliwa na nani. Mayai ya Aedes, mbu wanaoeneza chikungunya, hugandama ukutani juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu kwa miezi. Pipa lililomwagwa bila kusuguliwa hutoa viluwiluwi tena likijazwa. Na wakati wa ukame hakuna atakayekubali kumwaga birika zima, yaani tangi la maji la nyumbani, kwa hiyo mpango useme litafunikwaje. (Desturi ya zamani ya kufuga samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi haikuwa pambo.)

Kinachoharibu zoezi mara nyingi ni mkubwa kusema kwanza. Wengine humwitikia tu. Azungumze wa mwisho. Mwandishi wa kumbukumbu za zoezi naye asiwe mshiriki, la sivyo ataandika majibu mazuri na kuacha kimya kilichotangulia.

Nusu saa ya mwisho huandikwa mapengo: kila pengo na jina la mtu mmoja, si la idara, pamoja na tarehe ya kuliziba.