Kukaza ngozi kwa altrasaundi: si lazima uumie ndipo ifanye kazi

"Isipouma, haijafanya kazi." Dhana hii huwatesa watu bure, kwa sababu mtu hunyamaza kitandani, meno ameyauma, akidhani anavumilia kwa faida yake. Ukweli ni kwamba mawimbi ya sauti hukusanywa kwenye vijisehemu vidogo sana chini ya ngozi, kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5, na kupandisha joto hapo kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Joto hilo ndilo hukaza kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, na kuuamsha mwili utengeneze mpya. Maumivu hayapimi kazi hiyo. Vichomo huwa vikali zaidi kwenye taya na paji la uso, ambako mfupa uko karibu, na hapo mtaalamu anaweza kupunguza nguvu ya mashine au kusimama kidogo. Kwa hiyo sema! Ukihisi unaungua juu ya ngozi, sema mara moja: huenda jeli haikutosha au kichwa cha mashine hakijagusa ngozi sawasawa, na ngozi inaweza kubaki na michirizi ya kuungua.

Wapo pia wanaoamini kwamba krimu ya ganzi inamaliza yote. Krimu hutuliza ngozi ya juu, haifiki kwenye tabaka la chini kabisa linalolengwa. Ndiyo maana wengi hupewa dawa ya kumeza ya kutuliza maumivu kabla ya kuanza. Mweleze daktari kama una vidonda vya tumbo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

"Uso ukivimba, umeharibika." Hapana. Wekundu kwa kawaida huisha baada ya saa chache; uvimbe mdogo, michubuko na maumivu ukijigusa huweza kukaa siku kadhaa. Lakini mdomo ukipinda unapotabasamu, nyusi moja ikishuka, au malengelenge yakitokea, rudi kwa daktari bila kungoja. Huenda neva, yaani mshipa wa fahamu, imeguswa; ni jambo la nadra na mara nyingi hupona yenyewe, ila ichunguzwe.

Kuhusu ngozi nyeusi: mawimbi ya sauti hayanyonywi na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, kama mwanga wa leza unavyonyonywa, hivyo weusi wa ngozi si kizuizi. Ikiungua, hata hivyo, inaweza kubaki na doa.

Na usidai kurudiwa wiki inayofuata kwa kuwa huoni mabadiliko. Kolajeni mpya huchukua miezi 2 hadi 3 kujijenga, wakati mwingine hata 6.