Je, wajua? Asiye na mikono anachezaje mpira wa meza?

Ibrahim Hamadtou wa Misri alipoteza mikono yote miwili kwa ajali ya treni akiwa na miaka 10. Mwanzoni alijaribu kubana raketi kwapani, ikashindikana. Akaing'ata kwa meno, na ndivyo anavyocheza hadi leo.

Nilipomwona mara ya kwanza niliamini kwamba wapinzani wake nao hawana mikono, na kwamba meza imepunguzwa. Nilikosea yote mawili. Meza ni ileile ya mita 2.74 kwa 1.525, na wavu ni uleule wa sentimita 15.25. Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, ina madaraja 11 ya mpira wa meza: 1 hadi 5 ni ya wanaotumia viti vya magurudumu, 6 hadi 10 ya wanaosimama, 11 ya wenye ulemavu wa akili. Hamadtou yuko la 6. Kinachoangaliwa pale ni ulemavu unamzuia mtu kucheza kwa kiasi gani, si kiungo gani amekosa. Ndiyo maana Rio 2016 alipangiwa David Wetherill wa Uingereza, ambaye raketi anaishika kwa mkono kama wewe na mimi.

Palipolegezwa ni kwenye sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo. Kanuni inataka mpira utulie kwenye kiganja kilicho wazi, kisha urushwe juu angalau sentimita 16. Ulemavu ukimzuia mchezaji, mwamuzi anaruhusiwa kumlegezea. Basi Hamadtou huacha mguu wa kulia bila kiatu, hubana mpira kwa vidole, huurusha juu, kisha huupiga kwa kichwa kinachogeuka na raketi yake.

Kazi kubwa inaanza mpira ukirudi. Mwenye mkono huunyoosha tu, mwili ukabaki ulipo. Raketi ya mdomoni haifiki mbali na uso, na haina kifundo cha mkono cha kuipindua. Mtazame mtu aliyejitwika ndoo ya maji, halafu aitwe kutoka nyuma: hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kwa hatua ndogondogo. Hamadtou naye hivyo. Miguu ndiyo inayoipeleka raketi kwenye mpira, na shingo inamalizia pigo. Isitoshe, macho yake yamo kichwani humohumo. Anapogeuza kichwa apige, macho yanageuka nacho, wakati wachezaji wengine hufundishwa kutuliza kichwa. Na ule mguu uliorusha sevu lazima uwe umeshakanyaga chini kabla mpira haujarudi, kwa sababu ndio utakaomfikisha kwenye pigo la pili.

Mechi zake za mmoja kwa mmoja alifungwa Rio na pia Tokyo, alikocheza mwaka 2021 akiwa na miaka 48. Medali anayo ya fedha, ya mashindano ya Afrika. Ukipata video zake, acha kutazama mdomo. Tazama miguu.