Makohozi ya kijani si cheti cha dawa

Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, sekta ya afya duniani huwa na wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yaani vimelea kuzoea dawa hadi zisiviue tena. Na kila mwaka, wiki hiyohiyo, hakosi mtu wa kusimama kwenye dirisha la dawa, akakunjua kitambaa na kutuonyesha kohozi. "Tazama mwenyewe, ni la kijani. Nipe antibayotiki."

Tumeliona. Rangi hiyo hutoka kwenye kimeng'enya chenye madini ya chuma, kilichomo ndani ya chembechembe nyeupe za damu. Mwili huzituma chembechembe hizo kupambana na maambukizi, yawe ya virusi au ya bakteria, kwa hiyo rangi peke yake haisemi adui ni nani. Mafua ya kawaida huanza na kamasi la majimaji, likawa zito na la njano au kijani baada ya siku chache, kisha likakauka.

Mafua ni virusi, na antibayotiki haiui virusi. "Mbona mara iliyopita nilimeza nikapona?" Ulimeza siku ya 5 ya ugonjwa ambao kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Ungemeza chaki ungepona vilevile. Kikohozi huweza kubaki hata wiki 3, na hapo ndipo wengi huishiwa subira.

Daktari akishuku bakteria, anaweza kuagiza makohozi yaoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe hadi watambulike. Hapa naomba tuelewane vizuri. Kohozi litolewe asubuhi kabla ya kula, baada ya kusukutua kwa maji matupu. Likoholewe kutoka kifuani, mate hatuyahitaji. Liwekwe kwenye kopo la maabara, lifungwe, liandikwe jina na saa, lifikishwe ndani ya saa 2. Litolewe kabla hujameza antibayotiki yoyote, kwa sababu hata dozi moja inaweza kuzuia bakteria wasiote. Wakiota, hujaribiwa kwa dawa mbalimbali kuona ipi inawaweza. Majibu huchukua siku 2 hadi 3 hivi, na kupiga simu jioni ileile hakuyaharakishi.

Anayepumua kwa shida, anayekohoa damu, mwenye maumivu ya kifua, homa isiyoshuka kwa siku 3, au aliyepata nafuu kisha akazidiwa ghafla, aende hospitali leo. Vivyo hivyo mtoto mchanga na mtu mwenye kinga dhaifu. Huenda ni nimonia, na hapo antibayotiki hatuibanii hata kidogo.

Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo takribani milioni 1.27 duniani. Antibayotiki zikimezwa ovyo, usugu huo huongezeka. Kwa hiyo mfamasia akikuomba cheti cha daktari, usimwite mkorofi. Leseni yake nayo iko hapo dirishani. Na zile kapsuli 4 zilizobaki kabatini tangu mwaka jana, zirudishe duka la dawa. Usimpe jirani.