Complacency: neno lililoanza na furaha likageuka onyo

Neno la Kiingereza complacency, yaani hali ya mtu kujifurahia hadi asione hatari iliyo mbele yake, hutufikia mara kwa mara sisi tunaoshughulikia istilahi na tafsiri. Limo kwenye miongozo ya usalama kazini, taarifa za chanjo, ripoti za wakaguzi na hotuba za viongozi. Wengi hulitafsiri kwa neno moja tu: kuridhika. Sisemi wamekosea moja kwa moja, lakini wanamwacha msomaji njiani. Fundi akikuta bango ukutani limeandikwa "Epuka kuridhika", atashangaa. Msikitini na kanisani amefundishwa tangu utotoni kwamba kuridhika na alichojaliwa ni jambo jema, sasa karakana inamkataza kwa sababu gani?

Asili ya neno hili ni Kilatini. Kitenzi placere maana yake ni kupendeza, na kilipotanguliwa na com-, ambayo hapa inatia mkazo, kikawa complacere. Wasomaji wa Biblia wamekutana nacho bila kujua. Katika Mathayo 3:17, Yesu anapotoka majini baada ya kubatizwa, sauti kutoka mbinguni inasema, kwa Kiswahili tulichokizoea, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Biblia ya Kilatini inasema in quo mihi complacui. Ni kitenzi hicho hicho. Basi complacency, kwa mzizi wake, haikuwa dosari ya mtu aliyejisahau. Ilikuwa kupendezwa, na hapo anayependezwa ni Mungu mwenyewe.

Kiingereza kilikuwa na complacence tangu karne ya 15, na umbo la complacency likaingia katikati ya karne ya 17, yote mawili yakiwa na maana ya furaha tulivu. Mshairi John Milton, katika utenzi wake Paradise Lost wa mwaka 1667, anamfanya Baba amwite Mwana my sole complacence, yaani furaha yangu ya pekee. Karne iliyofuata mwanatheolojia wa Marekani Jonathan Edwards alitofautisha pendo la namna mbili: lile la kumtakia mtu mema, na lile la kumfurahia kwa uzuri ulioonekana ndani yake. Hili la pili aliliita pendo la complacence. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, alilieleza neno hili kama raha na kutosheka, kama kile kinacholeta raha, na kama uungwana wa tabia. Hakuna hata maana moja kati ya hizo inayomlaumu mtu.

Lawama iliingia pale mtu alipoanza kupendezwa na nafsi yake. Waandishi wa Kiingereza walikuwa pia na neno self-complacency, kujipendeza mwenyewe, na katika karne ya 18 kivumishi complacent nacho kikaanza kumwelezea mtu anayejifurahia. Taratibu ile self ikawa haihitajiki tena, maana kila msikilizaji alishaelewa kwamba anayependeza na anayependezwa ni mtu yule yule. Hatua ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi: kamusi za leo huongeza kwamba mtu huyo, kwa kule kujifurahia, haoni hatari au kasoro iliyo mbele yake. Kwangu mimi uzito wote wa neno uko hapa. Complacency ya leo ni utulivu wa mtu ambaye angekuwa na wasiwasi kama angeangalia vizuri.

Mzizi huu una watoto wengine ambao wanafunzi wa Kiingereza wanawafahamu: please, pleasure, placid. Yupo pia placebo, lenye kisa cha kuvutia. Kwa Kilatini lina maana ya "nitapendeza", na ndilo neno lililofungua sala za jioni za kuwaombea wafu katika Kanisa la Ulaya ya kale. Walikuwepo watu waliokwenda kwenye misiba ya wenzao kuimba sala hiyo ili wapate chochote, na placebo likawa jina la mtu mwenye kujipendekeza. Mshairi Chaucer, katika karne ya 14, alimpa jina hilo mhusika wake anayemsifia nduguye kwa kila analosema. Matumizi ya hospitalini, ya dawa inayotolewa kumridhisha mgonjwa ingawa haina kiambato cha kutibu, yalikuja baadaye sana.

Habari hizi za sifa na kujipendekeza zinanikumbusha usemi wetu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hebu mtazame mgema mwenyewe. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata ncha ya karara kwa kisu kikali, anafunga kibuyu, anashuka. Ubora wa tembo lake unatokana na kurudia kazi hiyo kwa uangalifu ule ule kila siku. Wateja wakianza kulisifu, hawezi kugema zaidi ya mnazi unavyotoa, lakini anaweza kuzidisha maji. Sifa haikumfanya awe mwovu. Imemfanya aamini kwamba jina lake sasa linatosha kuuza kile ambacho zamani kiliuzwa na kazi yake. Sijaona kamusi ya Kiingereza iliyoieleza complacency vizuri kuliko usemi huu.

Kwenye usafiri wa anga neno hili ni istilahi rasmi. Mwaka 1993 Gordon Dupont, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya usafiri ya Kanada, alikusanya sababu 12 zinazowafanya mafundi wa ndege wakosee, na complacency ni mojawapo. Orodha hiyo inafundishwa duniani kote. Fundi anayelengwa hapa mara nyingi ni mzoefu. Amefungua kifuniko kile kile mara nyingi mno na hajawahi kukuta ufa. Leo anamulika tochi, macho yanapita, mkono unasaini. Ameona alichotarajia kukiona. Ukimwambia mtu huyo kwamba ana kiburi utakuwa umemwonea, na ukimwambia ameridhika hatajua afanye nini. Lakini mwambie "umebweteka" au "umejisahau", na ataelewa mara moja.

Afya ya jamii nayo inalitumia kwa maana mahususi. Kundi la wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo lilitoa ripoti mwaka 2014 likitaja mambo matatu yanayochangia watu kusita kuchanja, na complacency ni moja: hali ya mtu kuona kwamba ugonjwa wenyewe si tishio, kwa hiyo chanjo si ya lazima. Mwaka 2019 shirika hilo likaweka kusita kuchanja miongoni mwa matishio kumi ya afya duniani. Ugumu wake ni kwamba hali hii huletwa na mafanikio ya chanjo zenyewe. Tanzania na Kenya mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Dozi ya pili ndiyo rahisi kusahaulika. Mtoto anatembea, anacheza, na mama kijana pengine hajawahi kumwona mtoto wa surua kali kwa macho yake. Bibi yake amewaona. Tangazo linalosema "wazazi wasiridhike" halimfikii mama huyu, kwa sababu hajioni kuwa ameridhika na kitu. Afadhali liseme waziwazi: surua haijaisha, tunaizuia kwa chanjo, na dozi moja haitoshi.

Wapo wanaolichanganya neno hili na smug, yaani mwenye kujiona, na kamusi nyingi huyaweka karibu. Smug ina asili tofauti kabisa. Ilitoka kwenye Kijerumani cha kaskazini, ambako smuk ilikuwa na maana ya nadhifu au aliyejipamba. Hadi leo Mdenmaki akisema smuk anasifia uzuri. Shakespeare alilitumia kwa maana hiyo: katika mchezo wa The Merchant of Venice, mkopeshaji Shylock, akimsema mfanyabiashara Antonio, anamwita ombaomba aliyekuwa akija sokoni nadhifu kabisa. Kufikia karne ya 18 unadhifu wa nguo ukawa wa uso, ule uso wa mtu anayejiona. Kwa hiyo smug unaiona kwa nje, kwenye tabasamu na mkao. Complacency inaweza kumkaa mtu mnyenyekevu, mpole, mwenye kuheshimu kila mtu. Kwa smug, "anayejiona" au "mwenye majivuno ya kimyakimya" inatosha.

Kuna pia complaisant, linalotamkwa karibu sawa na complacent. Si kosa la tahajia. Lilipitia Kifaransa likabaki na maana ya mtu anayekubali mambo ili kuwapendeza wengine.

Kwa matumizi ya kila siku, pendekezo langu ni kubweteka kwa maandishi ya Tanzania. Makocha hulitumia kila timu inapoongoza ligi, na hakuna shabiki anayehitaji kuelezwa. Wanahabari wa michezo wa Kenya huandika "wasilaze damu", lakini hilo huelekea zaidi kwenye uvivu, na mtu aliyebweteka anaweza kuwa anachapa kazi kutwa nzima. Kwa wasomaji wa nchi zote mbili ningechagua kujisahau. Ni neno jepesi, halitukani, na linabeba ile sehemu ya kutoona hatari ambayo kuridhika haina. Kuridhika libaki kwa mtu aliyetosheka kwa haki. Kama mwandishi anataka kulitumia kwa maana ya lawama, aongeze angalau "kupita kiasi" au "mapema mno", kama katika sentensi: wakaguzi waliridhika mapema mno na majibu ya kampuni.