Unene wa ukoo: maswali kutoka Moshi

Mimi na mdogo wangu tumekulia Majengo, tumekula mtori wa sufuria moja. Yeye mwembamba, mimi mnene, na mama ananiita mlafi. Ni kweli?

Hapana, na neno hilo linaumiza bure. Ndugu wa tumbo moja hawarithi jeni zote sawasawa, yaani yale maelekezo ya mwili tunayopewa na wazazi. Mwaka 2007 jeni iitwayo FTO ilihusishwa na unene: mtu mzima aliyerithi aina yake ya hatari kwa baba na kwa mama huwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya asiyeirithi kabisa. Wenye aina hiyo huchelewa kushiba. Mdogo wako anaposukuma bakuli kando, ameshiba kweli. Mwili wako wewe bado unadai.

Nani anauambia ubongo kwamba nimeshiba?

Homoni, kemikali za mwili zinazopeleka ujumbe. Tumbo likiwa tupu hutoa ghrelini, ambayo hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, kuujulisha ubongo kuwa akiba ipo. Jeni ya leptini iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman huko New York, kupitia panya wanene kupindukia ambao jeni hiyo imeharibika. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa na kasoro hiyohiyo. Hulilia chakula wakiwa wametoka kula, lakini wakichomwa leptini njaa hutulia na uzito hushuka. Mwenye kuwaona watoto hao hawezi tena kuita njaa ulafi. Wanene wengi, hata hivyo, leptini wanayo tele. Ubongo wao ndio hauiitikii ipasavyo, kwa hiyo sindano hiyo haiwafai.

Seli za mafuta zinatoka wapi?

Jeni ya PPARG huongoza seli changa kugeuka seli za mafuta. Idadi ya seli hizo hujengeka hasa utotoni na ujanani. Ukipungua uzito ukubwani, husinyaa tu, haziondoki.

Basi nikate tamaa?

Usikate. Kwa watu wazima wanaoushughulisha mwili, hatari ya unene itokanayo na FTO hupungua kwa zaidi ya robo. Kwenda sokoni Mbuyuni kwa miguu badala ya bodaboda kunahesabika. Maharage na mboga vijae sahani, chipsi zipungue.

Ila mtoto aliyenenepa sana kabla ya miaka 5, tena njaa yake haitulii, mpelekeni kwa daktari wa watoto, na mumweleze ilianza lini.