Boma halikulinda bandari: Mwanza na Bukoba, 1914–1916

Ukisimama Capri Point, unaiona bandari ya Mwanza yote: Jiwe la Bismarck, mawe mengine yaliyotapakaa majini, na ghuba inayopenya kusini mpaka macho yanachoka. Aliyewahi kuingia Ngome ya Yesu kule Mombasa lazima ajiulize: Mjerumani alikaa hapa tangu miaka ya 1890, mbona hakujenga ngome ya kuulinda mlango huu? Natafiti historia ya bandari za ziwa letu, na jibu langu ni hili: katika Ziwa Victoria, mwenye meli ndiye aliyekuwa na ngome.

Wareno waliijenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596 wakijua adui mwenye mizinga atatokea baharini. Waomani waliizingira tangu 1696, wakaipata mwaka 1698. Boma la Mjerumani huku ziwani lilikuwa na kazi nyingine kabisa. Palikuwa mahali pa askari, ofisi, baraza, jela na kodi. Lilikusudiwa kuwatawala wenyeji, wala si kuzuia meli.

Hali ilibadilika reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901. Meli ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikapanda treni kutoka Mombasa na kuungwa upya ufukweni Kisumu. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walikuwa na Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na nyinginezo. Wajerumani hawakuwa na reli iliyofika ziwani. Ile ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, Mwingereza akiwa ndiye mtawala. Tegemeo lao majini lilikuwa Muansa, meli ndogo ya kuvuta tishari, waliyoifunga bunduki.

Yaliyoipata Bukoba mwezi Juni 1915 yanaonyesha maana ya tofauti hiyo. Pale palikuwa na mnara wa simu ya upepo, na kwa kuwa ule wa Dar es Salaam ulipotea mwanzoni kabisa mwa vita, minara ya Bukoba na Mwanza ilikuwa na thamani kubwa. Kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali Stewart kilisafiri kwa meli kutoka Kisumu. Wakati huohuo mapigano yalianzishwa upande wa Kagera ili askari wa Kijerumani waliokuwa mpakani wabaki hukohuko. Wavamizi hawakulikabili boma kutoka mbele. Walishuka kaskazini ya mji, wakapanda vilima, wakawa juu ya kila kitu. Mapigano yalianza tarehe 21, na kufikia tarehe 23 mji ulikuwa mikononi mwao. Mnara ukalipuliwa, boma likateketezwa, kisha wakapanda meli wakarudi Kisumu.

Kabla ya kuondoka waliupora mji. Jambo hili huwa linapitiwa harakaharaka katika masimulizi ya ushujaa wa kikosi kile, nami sikubaliani na desturi hiyo. Waliopoteza mali ni wakazi ambao vita havikuwa vyao.

Mwanza ilikuwa ngumu zaidi. Mlango wake ni wa mawe, na Wajerumani walikuwa wameleta mzinga mmoja wa milimita 105 kutoka Königsberg, manowari iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Kuzileta meli moja kwa moja mbele ya mzinga kama ule kungekuwa kuzitoa kafara. Kwa hiyo, Juni 1916 Waingereza walianza na Ukerewe, kisiwa kilichowalisha Wajerumani mchele. Mwezi uliofuata, kikosi cha Jenerali Crewe kilishushwa mashariki ya mji na kuja kwa nchi kavu. Mwanza ikachukuliwa tarehe 14 Julai, na Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini.

Ndiyo maana wanaonifuata kwenye matembezi siwaanzishii Gunzert House pale kilimani, ingawa ni jengo la Kijerumani ninalolipenda kuliko yote mjini. Naanzia majini, nikiwaonyesha upana wa ghuba na mahali ambapo meli isingethubutu kupita. Na anayetaka kuugusa mzinga wa Königsberg, mitatu bado ipo: mmoja Ngome ya Yesu, mmoja Pretoria, na wa tatu Jinja, kwenye ziwa hilihili.