Bima ya matibabu ya Kanada: Douglas aliianzisha, Lloyd aliipigania
Wengi huamini Tommy Douglas, waziri mkuu wa jimbo la Saskatchewan tangu 1944, ndiye aliyeanzisha matibabu ya bima kwa wote. Ni nusu ya ukweli. Bima ya hospitali ya 1947 ni yake, na ya kuwalipa madaktari aliiahidi yeye. Lakini Novemba 1961 alijiuzulu akaongoze chama cha NDP (New Democratic Party, cha mrengo wa kushoto) kitaifa. Aliyeachiwa uwaziri mkuu, na kaa la moto, ni Woodrow Lloyd, mwalimu wa zamani. Bima ilipoanza Julai 1, 1962, madaktari wengi walifunga kliniki zao kuipinga. Mgomo ukadumu siku 23. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza. Lloyd alilegeza baadhi ya masharti, bima yenyewe hakuiachia. Mwaka 1964 akashindwa uchaguzi, na sifa (kwa dhuluma, naona) zikabaki kwa Douglas.